Zawadi ya Noma Ilipofika Karatina

Wasomaji wengi wanaujua mji wa Karatina kwa ajili ya soko lake. Siku ya soko malori hujipanga tangu alfajiri, akina mama wa Mathira hushusha viazi, kabichi, karoti na ndizi, na mtu asiyekuwa na haja ya kununua wala kuuza huona afadhali apite njia nyingine. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba katika mwaka 1984 watu wa mbali sana walimtaja mtu wa mji huo, si kwa habari ya viazi wala ya kahawa, bali kwa habari ya kitabu. Mwaka huo Bwana Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mpiga chapa wa Karatina, alipewa Zawadi ya Noma, ambayo kwa muda wa miaka karibu thelathini ilikuwa miongoni mwa zawadi kubwa kabisa za vitabu katika bara la Afrika.

Kitabu chenyewe kilikuwa daftari la siku kwa siku, yaani mambo aliyoyaandika alipokuwa kizuizini tangu mwaka 1952. Jina lake kwa Kikuyu ni Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, na maana yake ni Mwandishi wa Mau Mau katika Mahali pa Uhamisho.

Kabla hatujaendelea, yafaa msomaji aangalie jambo moja. Kitabu hicho kilitoka mjini Nairobi mwaka 1983 kwa lugha ya Kikuyu peke yake. Tafsiri ya Kiingereza, iliyofanywa na Bwana Ngigi wa Njoroge, haikutoka mpaka mwaka 1988. Kwa hiyo zawadi ilimfikia mwandishi miaka minne kabla ya kitabu chake kupata nguo ya Kiingereza. Waliokipima hawakuwa na budi kumtafuta mtu wa kuwasomea lugha ile ile ambayo mama wa Mathira huitumia kupatana bei ya viazi. Jambo hili lilikuwa nadra wakati ule, na hata leo ni nadra, nasi tutalirudia.

Zawadi ya Noma ilianzishwa mwaka 1979 na Bwana Shoichi Noma, Mjapani aliyekuwa mkuu wa kampuni ya vitabu ya Kodansha mjini Tokyo. Masharti yake hayakuwa mengi. Mwandishi sharti awe Mwafrika. Kitabu sharti kiwe kimetolewa katika Afrika yenyewe, wala si London wala Paris. Na lugha iwe yoyote, ya Kiafrika au ya Kizungu. Sharti lile la pili lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa siku zile waandishi wetu wengi waliokuwa na jina walipeleka miswada yao ng'ambo kama vile kahawa inavyopelekwa mnadani ikiwa mbichi, ikakaangwa huko, kisha ikarudi kwetu katika makopo.

Mshindi wa kwanza, mwaka 1980, alikuwa Bibi Mariama Bâ wa Senegal, kwa kitabu cha Kifaransa juu ya maisha ya mwanamke aliyefiwa na mume. Mwaka 1984 zawadi iligawanywa kati ya watu wawili. Wa kwanza alikuwa Bwana Njabulo Ndebele wa Afrika ya Kusini, aliyeandika kwa Kiingereza hadithi za vitongoji vya Waafrika kama kile alichokulia. Wa pili alikuwa Bwana Gakaara. Wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, waliandika juu ya kwao.

MTOTO WA MCHUNGAJI

Bwana Gakaara alizaliwa mwaka 1921 huko Tumutumu, kwenye misheni ya Waskoti, na baba yake, Mzee Johana Wanjau, alikuwa mchungaji wa kanisa. Mtoto wa mchungaji katika siku zile alikuwa na bahati ambayo watoto wengine wa kijijini hawakuwa nayo: nyumbani mlikuwa na vitabu. Alisoma Tumutumu, kisha akaenda Alliance High School karibu na Kikuyu, lakini hakumaliza, kwa sababu mwaka 1940 alifukuzwa pamoja na wenzake baada ya wanafunzi kugoma. Akaingia jeshini wakati wa vita vya pili vya dunia.

Askari wengi Waafrika walirudi kutoka vitani na mambo mapya vichwani mwao. Wengine walifungua maduka, wengine walinunua malori. Yeye alianza kuandika. Mnamo mwaka 1946 yeye na rafiki zake waliunda shirika la kutoa vitabu, wakaliita African Book Writers. Vitabu vyenyewe vilikuwa vijitabu tu, vyembamba kama daftari la shule, juu ya mambo ambayo kila Mkikuyu alikuwa na neno la kusema juu yake: posa na mahari, mapenzi ya vijana, tabia njema na tabia mbaya. Mwaka 1948 aliandika kijitabu kwa Kiswahili, kiitwacho Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, ili na watu wa makabila mengine wapate kukisoma.

Kisha maandishi yake yakawa makali zaidi. Mwaka 1952 alitoa kijikaratasi kilichofuata mfano wa ungamo la imani linalosomwa kanisani, lakini badala yake kikamtaja Gikuyu na Mumbi, na ardhi yao, na kurudishiwa haki. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya mchungaji alijua vema nguvu ya maneno yanayosemwa na watu wengi kwa pamoja, wakiwa wamesimama. Serikali ya kikoloni nayo ilijua. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Sir Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, na usiku ule ule polisi na askari wakaanza kuwakamata viongozi wa Waafrika. Bwana Gakaara alikuwa miongoni mwao.

Alikaa kizuizini miaka mingi. Alipitia Kajiado, na kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na Athi River, na Hola penye joto kando ya mto Tana. Ni Hola hiyo hiyo ambapo, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa mpaka wakafa, na tangazo la kwanza la Serikali likasema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Mke wake, Bibi Shifra Wairire, naye alikamatwa akatiwa kizuizini.

Hebu fikiri, msomaji, maana ya kuandika daftari katika mahali kama hapo. Leo karani akikosea tarehe katika kitabu cha chama cha ushirika, huitwa na mwenyekiti akaonywa. Katika kambi zile karatasi yenyewe ilikuwa hatari. Ukaguzi ulikuja bila taarifa, na mtu aliyekutwa na maandishi aliweza kuhojiwa juu ya kila jina lililomo. Hata hivyo aliandika: nani ameletwa na nani amehamishwa, kazi waliyopewa, chakula, magonjwa, barua zilizokuja na zile ambazo hazikuja. Akayaficha. Yalitoka pamoja naye, yakakaa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuwa kitabu.

Wasomi wameandika mengi juu ya kitabu hiki kwa habari ya siasa. Mimi hunishangaza kwa jambo lingine. Mtu akiwa kisiwani Manda, mbele yake mikoko na maji ya chumvi, nyumbani kwake pa mvua na ukungu na kahawa palikuwa mbali sana, naye aliendelea kuitumia lugha ya huko kwa kila jambo dogo, kana kwamba anaitunza isipate kutu. Wengine kabla yake walikuwa wameandika juu ya kwao wakiwa mbali. Mzee Jomo Kenyatta aliandika juu ya desturi za Wakikuyu akiwa London, na kitabu chake kikatoka mwaka 1938. Tena tunaye Bwana Jim Corbett, yule mwindaji maarufu wa chui na simba milia wa Bara Hindi, aliyehamia Nyeri mwaka 1947 na kuishi katika nyumba ndogo ya Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Akiwa papo hapo Nyeri, mlima ukiwa mbele yake, aliandika juu ya watu wa India aliokua pamoja nao, na kitabu hicho kikatoka mwaka 1952. Alikufa mwaka 1955, akazikwa Nyeri. Lakini hao wawili waliandika kwa Kiingereza, kwa sababu waliwaandikia wasomaji wa mbali. Mtu wa Karatina aliwaandikia watu wa nyumbani.

NYUMBA AMBAYO HAIKUWAPO TENA

Hapo pana uchungu ambao yafaa tuueleze wazi. Wakati yeye na maelfu ya wengine walipokuwa wakikumbuka nyumbani, nyumbani penyewe palikuwa pakibomolewa. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 Serikali iliwakusanya Wakikuyu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi kidogo, watu zaidi ya milioni moja waliingizwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani, zilizotawanyika juu ya miinuko, kila moja na ghala yake na migomba yake, zilichomwa au kubomolewa. Papo hapo mashamba yalianza kupimwa upya na kuunganishwa, vipande vya huku na huku vikafanywa kipande kimoja, na jina la mwenyewe likaandikwa katika daftari la ardhi.

Wakulima wengi wa Nyeri walipata faida kwa kuunganishiwa mashamba. Walipanda kahawa na chai, wakajenga nyumba za mabati. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba waliokuwa kizuizini hawakuwapo shamba lilipopimwa, na wengine waliporudi walikuta mpaka umesogea. Mpaka leo zipo kesi za mashamba Nyeri na Murang'a ambazo mzizi wake ni miaka hiyo. Katika daftari la ardhi kipande cha shamba kina namba na ukubwa. Hakina habari ya mti uliokatwa, wala ya nyanya aliyekataa kuhama mpaka paa lilipowaka. Habari hizo zilibaki midomoni mwa watu, na chache katika maandishi.

Waliorudi na kuandika walikuwako wengine. Bwana Karari Njama, aliyekuwa mwalimu huko Nyeri kabla ya kuingia msituni Nyandarua, alisimulia maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1966. Bwana Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri, ambaye msituni aliitwa Jenerali China, alitoa chake mwaka 1967. Vyote viwili vilikuwa kwa Kiingereza. Vilisomwa Nairobi, vikasomwa Marekani na Uingereza, na wana wa waandishi hao walioenda shule waliweza kuvisoma. Mama zao wengi hawakuweza.

Bwana Gakaara, aliporudi, alifungua kazi yake Karatina. Aliuza vitabu, akapiga chapa vitabu, akatoa gazeti la Gikuyu na Mumbi, na ndani yake akabuni mtu mmoja wa vichekesho aitwaye Wa-Nduuta, ambaye visa vyake vilipendwa. Akaandika pia vitabu vya kuwafundisha watoto kusoma na kuandika Kikuyu, kwa kuwa alikuwa mkali sana juu ya namna maneno yanavyoendelezwa. Kazi ya namna hii haimtajirishi mtu. Mpiga chapa wa mji mdogo huishi kwa kupiga chapa stakabadhi, kadi za arusi na matangazo ya mazishi, na vitabu huvitoa kwa fedha inayobaki, kama ikibaki.

ZAWADI ZA NYUMBANI

Je, kwetu hapakuwa na zawadi? Zilikuwapo. Tangu mwaka 1948 kulikuwa na ofisi ya vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyojulikana kama East African Literature Bureau, na ofisi hiyo ilitoa vitabu kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha za makabila. Mwaka 1961 ilikuwa na mashindano ya kuandika hadithi ndefu. Mwanafunzi mmoja wa Makerere, mzaliwa wa Limuru, alikaa akaandika kwa ajili ya mashindano hayo hadithi ya miinuko miwili inayotazamana, mto ukipita katikati. Kijana huyo alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, na hadithi hiyo, baada ya kutengenezwa, ilitoka mwaka 1965 kwa jina la The River Between. Yafaa ikumbukwe kwamba mashindano yanaweza kumfanya kijana akae chini amalize kazi, na hiyo si faida ndogo.

Baadaye wachapishaji wa Kenya walianzisha Zawadi ya Jomo Kenyatta. Ilipotolewa mara ya kwanza, mwaka 1974, aliyeipata alikuwa kijana wa Nanyuki, Bwana Meja Mwangi, kwa kitabu chake Kill Me Quick. Kila karani aliyewahi kutafuta kazi Nairobi atajiona humo. Vijana wawili wamemaliza shule, wana vyeti, wameondoka nyumbani huku wazazi wakiwatazamia warudi na fedha, kazi hakuna, wanalala vichochoroni na kula vilivyotupwa, na wanaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna mahali katika kitabu hicho ambapo mlima unasifiwa. Lakini ukikisoma vema utaona kwamba nyumbani ndipo panapowaumiza vijana wale kuliko njaa.

Mwaka 1992 zawadi hiyo hiyo ilikwenda kwa mzaliwa mwingine wa Nyeri, Bwana Wahome Mutahi, kwa kitabu Three Days on the Cross, juu ya watu wanaokamatwa na kuteswa na Serikali ya nchi isiyotajwa jina. Alikijua alichokiandika, kwa maana yeye mwenyewe alifungwa mwaka 1986 katika msako wa wale walioshukiwa kuwa wa chama cha siri cha Mwakenya. Na hapa historia ina mkono mchungu: mwaka huo huo wa 1986, katika msako huo huo, Bwana Gakaara naye alikamatwa, akiwa mzee wa miaka 65, miaka miwili tu baada ya kupewa heshima na bara zima. Mkoloni alimfunga kwa ajili ya maandishi, na nchi huru ikaja ikamkamata tena.

Bwana Wahome Mutahi watu wengi hawamjui kwa kitabu kile cha zawadi. Wanamjua kwa makala zake za Whispers katika gazeti la Jumapili, ambamo baba mmoja wa Nairobi aliisimulia jamaa yake: mke aliyemwita Thatcher, binti aliyemwita Pajero, mama yake mzee, na padri Mwitaliano aliyewachapa watoto huko Nyeri. Watu walianza gazeti kwa ukurasa ule, ndipo wakarudi mbele kusoma habari za mawaziri. Tena katika miaka ya 1990 alifanya jambo ambalo wasomi wengine walilidharau. Aliandika michezo ya kuigiza kwa Kikuyu, akaipeleka katika baa. Watu walilipa kiingilio, wakaagiza nyama na bia, wakacheka mpaka machozi yakawatoka wakiwaona watawala wakidhihakiwa kwa lugha yao wenyewe. Mtu asiyewahi kununua kitabu maishani mwake alilipa kuusikia mchezo huo. Alikufa mwaka 2003, na wachapishaji wa Kenya wakaweka zawadi nyingine yenye jina lake.

Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja utaona ninakokwenda. Mtu wa Nyeri alipata zawadi ya nyumbani kwa kitabu cha Kiingereza, na watu wa nyumbani wakamfuata kwa michezo ya Kikuyu ambayo zawadi hiyo haikuwa na mahali pa kuiweka. Zawadi ya Jomo Kenyatta ilipangwa kwa vitabu vya Kiingereza na vya Kiswahili. Daftari la Bwana Gakaara lisingeweza hata kuingizwa. Ilibidi Mjapani aliyeketi Tokyo aandike sharti la lugha yoyote, ndipo kitabu cha Karatina kikapata mlango.

Najua baadhi ya wasomaji watasema: lugha za makabila hututenga, na nchi ina ukabila wa kutosha. Wasiwasi huo si wa bure. Tumeona katika Kenya, mwaka 2007 na mwanzo wa mwaka 2008, jinsi maneno ya lugha za nyumbani yalivyotumiwa redioni kuwachochea watu. Lakini lugha iliyotumiwa kwa matusi haiponi kwa kuachwa mikononi mwa watukanaji. Daftari lile la kizuizini linaeleza taabu za watu wa namna nyingi, na linaonyesha Wakikuyu wakiwatesa Wakikuyu wenzao pia. Mtu wa kabila lingine akisomewa hataona ndani yake sifa za kabila moja. Mimi mwenyewe ninayesema haya nayaandika kwa Kiswahili. Msomaji asinicheke. Kiswahili ni nyumba ya wote, na nyumba ya wote haikatazi mtu kuwa na jiko lake.

Na Kiswahili chenyewe kimepata sehemu yake. Mwaka 2014 ilianzishwa zawadi iliyoitwa Mabati-Cornell, kwa miswada ya Kiswahili peke yake, na waanzilishi wake walikuwa Bi Lizzy Attree na Bwana Mũkoma wa Ngũgĩ, mwana wa yule mwanafunzi wa Makerere tuliyemtaja. Fedha yake ilikuwa dola 15,000 kwa jumla, na nyingi zilitoka kwa kampuni ya mabati ambayo kila mkulima wa milimani ameezekea bidhaa yake. Mwaka 2015, ilipotolewa mara ya kwanza, mmoja wa washindi katika ushairi alikuwa Bwana Mohammed Ghassani, mzaliwa wa Pemba aliyekuwa akifanya kazi katika redio huko Ujerumani. Diwani yake inaitwa N'na Kwetu. Jina hilo peke yake lingetosha kuandikwa juu ya lango la kambi ya Manda.

Sasa turudi Karatina. Zawadi ilimpa Bwana Gakaara heshima, na ilifanya kitabu chake kitafutwe na vyuo vikuu vya ng'ambo. Tafsiri ya Kiingereza ikafuata. Jambo ambalo haikuweza kulifanya ni kumpa wasomaji wa Kikuyu. Shuleni mtoto hufundishwa lugha ya nyumbani katika madarasa ya chini tu, kisha huambiwa aiache, na mahali pengine alivishwa kibao shingoni alipokutwa akiisema. Akikua anaweza kuzungumza na nyanya yake lakini hawezi kumwandikia barua. Mwalimu mmoja wa sekondari wa huku kwetu aliniambia kwamba aliwapa wanafunzi wake ukurasa mmoja wa Kikuyu wausome kwa sauti, na waliokuwa hodari wa Kiingereza walijikwaa kama watoto wa darasa la kwanza, wakacheka kwa haya. Mzee wa Karatina alikuwa akitoa vitabu vya kuliziba pengo hilo, shilingi kwa shilingi, mpaka kufa kwake mwaka 2001. Zawadi ya Noma nayo ilikoma baada ya mwaka 2009, na hakuna nyingine ya bara zima iliyochukua mahali pake kwa sharti lile la lugha yoyote.

Baadhi ya wasomaji husema kwamba hawana la kuandika, kwamba mambo makubwa yalikwisha kuandikwa na wakubwa. Mimi nafikiri juu ya ile nyumba iliyochomwa mwaka 1954. Nani aliwasha moto? Kuku walipelekwa wapi? Usiku wa kwanza katika kijiji kipya watu walilala wangapi katika kibanda kimoja, na asubuhi mama alipata wapi maji? Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa amepita miaka themanini. Wengi wao wangali wako, katika miinuko ya Mathira, Othaya, Tetu na Mukurweini, na jioni huketi nje jua likishuka nyuma ya Nyandarua. Majibu yao watayatoa kwa Kikuyu, nayo hayamo katika daftari la ardhi.